Moto Kwanza, Baridi Baadaye: Aiskrimu ya Nyumbani na Usalama wa Mlaji

Katika wodi ya watoto waliofanyiwa upasuaji wa mafindofindo kuna swali lisilokosa kuulizwa. Mama humtazama mwanawe anayekataa uji, anayekataa maji, anayemeza mate huku amekunja uso; kisha humgeukia muuguzi na kuuliza iwapo anaweza kumpa aiskrimu kidogo. Mara nyingi jibu huwa fupi: "Hapana mama, baridi itamletea nimonia." Mama hunyamaza. Mtoto hubaki na njaa na kiu, na mazungumzo ambayo yangempunguzia mateso ya siku kadhaa huishia hapo.

Jibu hilo lina makosa mawili. La kwanza ni la kitaalamu. Nimonia huletwa na vimelea, hasa bakteria na virusi. Hailetwi na ubaridi wa chakula. Kitu baridi na laini kinachoteleza kooni hutuliza maumivu kwa muda na kumpa mtoto ujasiri wa kumeza. Kosa la pili ni zito zaidi: jibu hilo humkinga mtoto na hatari isiyokuwapo, na hunyamaza kuhusu hatari iliyopo. Hatari ya aiskrimu imo katika maziwa, mayai, maji na mikono iliyoiandaa kabla baridi haijaifikia. Muuguzi aliyekataza hakupata nafasi ya kuuliza aiskrimu yenyewe itatoka wapi, wala imetengenezwaje.

Swali la namna ya kutengeneza lina uzito kwa sababu aiskrimu si bidhaa ya kiwandani pekee. Mashine ndogo za mezani za kuitengenezea huuzwa madukani pamoja na blenda na majiko ya umeme, na mwenye nacho huweza kuigandisha sebuleni kwake. Kanuni yake ni kongwe. Mwaka 1843 Nancy Johnson wa Philadelphia, Marekani, alipata hataza ya chombo cha kuzungushwa kwa mkono: mkebe ndani ya ndoo yenye barafu na chumvi, na mwiko wa kukwangua ukuta wa mkebe huo. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji, hata mchanganyiko wake na barafu ukaweza kufikia nyuzijoto 21 za Selsiasi chini ya sifuri. Mashine za leo hufanya kazi ile ile kwa umeme. Zipo zenye bakuli la kuta mbili lenye kimiminika katikati, ambalo hulazwa katika friza kwa saa 12 hadi 24 kabla ya matumizi. Zipo pia zenye kompresa yake ndani, mfano wa jokofu dogo. Zote hugandisha na kukoroga kwa wakati mmoja, ili chembe za barafu zibaki ndogo na hewa ipate kuingia. Baada ya nusu saa hivi rojo lililokuwa majimaji huwa aiskrimu laini.

Katika kazi yote hiyo hakuna hatua hata moja inayoua vijidudu. Baridi huvilaza usingizi tu. Salmonela iliyoingia na yai bichi, au brusela iliyoingia na maziwa mabichi, huweza kutoka hai katika friza, na joto la mwili wa mlaji likaiamsha. Listeria ni sugu zaidi, kwani huendelea kuongezeka hata ndani ya jokofu, mahali ambapo watu wengi hudhani chakula kimelindwa. Barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyo salama nayo huweza kubeba kipindupindu kama maji yenyewe. Wahenga walisema sumu haionjwi. Na aiskrimu iliyochafuka haina ladha wala harufu ya kumwonya anayeilamba.

Historia imekwisha kutoa somo hili mara nyingi. Katika karne ya 19 wachuuzi wa London waliuza aiskrimu katika vikombe vidogo vya kioo ambavyo mteja alivilamba na kuvirudisha, navyo vikajazwa kwa ajili ya mteja wa pili. Mwaka 1899 vikombe hivyo vilipigwa marufuku kwa hofu ya kueneza maradhi, kifua kikuu kikiwa mojawapo. Mwaka 1994 nchini Marekani, watu wanaokadiriwa kufikia 224,000 waliugua kutokana na salmonela iliyokuwa katika aiskrimu ya kiwandani. Rojo la aiskrimu hiyo lilikuwa limekwisha kupitishwa katika moto ipasavyo, lakini lilisafirishwa katika malori ya matangi ambayo awali yalikuwa yamebeba mayai mabichi. Mwaka 2015, huko huko Marekani, ilibainika kwamba watu 10 katika majimbo manne walikuwa wameambukizwa listeria kupitia aiskrimu, na watatu wakafariki. Watano kati ya hao 10 walikuwa wagonjwa wa hospitali moja katika jimbo la Kansas, waliolazwa kwa maradhi mengine kabisa, na vifo vyote vitatu vilitokea katika jimbo hilo. Wanne kati ya wagonjwa hao, ambao taarifa za mlo wao zilipatikana, walikuwa wamepewa wakiwa wodini kinywaji cha maziwa kilichochanganywa na aiskrimu.

Kisa hicho cha mwisho chapaswa kumkalia rohoni kila mhudumu wa afya. Aiskrimu ile haikupenyezwa wodini kwa siri. Ilitolewa na hospitali yenyewe, kwa nia njema, kwa watu ambao miili yao haikuwa na nguvu ya kupigana. Ikiwa kiwanda chenye wakaguzi na maabara kiliweza kukosea hivyo, jiko la nyumbani lisilo na mkaguzi lahitaji uangalifu kuliko kiwanda. Anayewasha mashine ya mezani amejitwika kazi ya kiwanda, na wajibu wake pia.

Wajibu huo huanzia jikoni, juu ya moto. Mapishi mengi ya haraka humshauri mtu achape mayai mabichi pamoja na sukari na maziwa, kisha amimine moja kwa moja katika mashine. Mapishi ya namna hiyo yafaa kuachwa. Kwa aiskrimu ya mayai, kiasi cha nusu lita ya maziwa, robo lita ya krimu, gramu 100 za sukari na viini vinne vya mayai, mchanganyiko wote hupikwa kwa moto mdogo huku ukikorogwa bila kusimama mpaka ufikie nyuzijoto 71. Mafuta na sukari huwapa vijidudu kinga fulani dhidi ya joto. Ndiyo maana viwanda hupasha rojo la aiskrimu kuliko maziwa ya kawaida. Kwa maziwa, sekunde 15 katika nyuzijoto 72 hutosha. Kwa rojo la aiskrimu, kanuni za Marekani hutaka nyuzijoto 69 kwa dakika 30, au 80 kwa sekunde 25. Mpishi wa nyumbani atakuwa salama zaidi akivuka 71 na kukaribia 80, mradi asifike mahali ambapo mayai hukatika na kuwa mabonge.

Kipimajoto cha chakula ndicho shahidi wa kuaminika katika kazi hii, na mwenye uwezo wa kununua mashine hashindwi kukiongeza. Asiyekuwa nacho ana njia iliyo nyepesi na salama zaidi: aache mayai kabisa na atumie unga wa kastadi. Unga huo hukoroga katika maziwa, na rojo lake huweza kuchemka hadi kutokota bila kukatika. Mapovu ya kuchemka huonekana kwa macho, hayahitaji kipimo. Iliki, mdalasini au maganda ya limau yakitiwa wakati wa kuchemsha, mlaji hatayakumbuka mayai.

Baada ya moto huja kipindi cha hatari kubwa kuliko vyote, na ndipo wengi hulegea. Rojo likiachwa mezani kupoa polepole, hukaa kwa saa nyingi katika joto linalovipendeza vijidudu. Bakteria wa ngozi na pua, aina ya stafilokoka, huweza kuzalisha humo sumu ambayo hata kuchemshwa upya hakuiondoi. Sufuria haina budi kuwekwa mara moja katika beseni la maji ya barafu, rojo likorogwe mpaka lipoe, kisha lifunikwe na kuingizwa katika jokofu kabla ya saa mbili kupita. Likae humo usiku kucha. Kufanya hivyo huitumikia mashine vilevile: bakuli lake hubeba kiasi maalumu cha baridi, na rojo la uvuguvugu huimaliza baridi hiyo kabla ya kuganda.

Bakuli lenyewe lina siri yake. Kwa kuwa hulala katika friza mchana na usiku, mara nyingi hulala ubavuni mwa samaki na nyama, na maji ya damu hudondokea mahali ambapo kesho yake rojo lililopikwa kwa uangalifu litamiminwa. Matangi ya mwaka 1994 hayakuwa na kosa lililo tofauti na hilo. Bakuli lifungwe katika mfuko safi, likae rafu ya juu, nyama ikae chini. Mwiko na mfuniko vioshwe kwa maji ya moto na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa, kwani mabaki ya maziwa hujificha katika mikunjo. Matunda yanayotiwa baada ya kupika hayatapata moto tena. Embe na nanasi vioshwe kwa maji salama kabla ya kumenywa, na unga wa ubuyu ukorogwe kwa maji yaliyochemshwa. Umeme ukikatika hata aiskrimu ikayeyuka ndani ya friza, isigandishwe upya na kuliwa. Kumwaga kunauma, lakini kuharisha kwa mtoto kunauma zaidi.

Usalama wa vijidudu hata hivyo haufanyi aiskrimu kuwa chakula cha kila siku. Kuna imani kwamba kilichotengenezwa nyumbani lazima kiwe na afya kuliko cha dukani, na imani hiyo yahitaji kupimwa. Gramu 100 za aiskrimu ya kawaida ya vanila huwa na takribani gramu 20 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima. Tena aiskrimu ya bei nafuu ya dukani huweza kuwa na hewa kwa nusu ya ujazo wake, ilhali mashine ya mezani huingiza hewa kidogo. Kijiko kile kile cha aiskrimu ya nyumbani huwa kizito zaidi, na hubeba sukari na mafuta mengi zaidi, ingawa kwa macho vyote viwili vinalingana.

Wala sukari haiondolewi kwa urahisi. Huzuia sehemu ya maji isigande. Akiipunguza mno, mpishi hupata jiwe. Ubaridi nao hufifiza utamu ulimini, kwa hiyo rojo linaloonekana tamu kupita kiasi likiwa la moto huonekana la kawaida likiganda. Shauri la busara ni kupunguza kiasi kinacholiwa kuliko kuhangaika na mapishi. Kikombe kidogo cha kahawa, kile kinachotumiwa na wauza kahawa chungu wa mwambao, ni kipimo kizuri cha mlo mmoja, na si kila siku.

Hapa ndipo neno moja la kukataza linaposhindwa kabisa kuwatosha wagonjwa, kwa sababu kijiko kile kile humsaidia mmoja na kumdhuru mwingine. Uzito wa nishati unaomdhuru mwenye kisukari ndio unaomfaa mgonjwa wa saratani aliyekonda na asiyeweza kumeza zaidi ya vijiko vitano kwa siku. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla asitibiwe kwa aiskrimu, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Mgonjwa anayepewa sindano ya fluorourasili hushauriwa kunyonya vipande vya barafu kwa nusu saa, kuanzia muda mfupi kabla ya sindano, ili kupunguza vidonda vya kinywa. Mwenzake wa kitanda cha pili anayepewa oxaliplatin huelekezwa kuepuka vitu baridi, kwa sababu dawa hiyo huweza kuifanya koo yake ihisi kama imebanwa. Aliyepata kiharusi na kuamriwa vinywaji vizito asipewe aiskrimu, maana hugeuka mdomoni kuwa kimiminika chepesi kinachoweza kuteleza hadi mapafuni. Mgonjwa wa figo aliyepangiwa kiasi cha maji aihesabu kama sehemu ya maji yake, na ajihadhari na ndizi kwa ajili ya potasiamu. Mama mjamzito, mzee, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka wasikaribie aiskrimu ya mayai au maziwa mabichi. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe iliyotiwa asali. Na mtu mzima ambaye tumbo lake halivumilii maziwa huweza kutengenezewa kwa tui la nazi lililochemshwa, lisilo na laktosi hata chembe.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mazungumzo ya wenye uwezo, na kwamba nyumba nyingi hazina mashine hiyo wala hazitakuwa nayo. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Mashine ni ya wachache. Barafu ni ya wote. Kina mama wengi hugandisha nyumbani barafu za ubuyu, za ukwaju na za maziwa katika vifuko vya plastiki, na kuzipeleka kwenye malango ya shule. Mapato hayo hulipa ada na kununua unga, na wanunuzi wake ni watoto. Kila kanuni iliyotajwa hapa, ya kuchemsha maji na maziwa, kupoza haraka, kunawa mikono na kutogandisha upya, yawahusu wao kabla ya kumhusu mwenye mashine. Hata bila mashine, ndizi mbivu zilizokatwa vipande, zikagandishwa na kusagwa kwa blenda, hutoa kitu laini kama aiskrimu bila yai, bila maziwa na bila sukari ya kuongezwa, ijapokuwa mwenye kisukari ataihesabu sukari ya ndizi.

Wengine watahofia kwamba mhudumu akianza kueleza mapishi, ataonekana kuhalalisha sukari mbele ya wimbi la kisukari na unene. Hofu hiyo ni ya haki, lakini marufuku haijawahi kuizima friza ya mtu. Mgonjwa aliyekatazwa bila maelezo hurudi nyumbani akala bila maelezo. Aliyeelezwa hurudi na kipimo, na siku nyingine huja kuuliza tena.

Kinachohitajika si kikubwa. Katika kliniki ya mama na mtoto, katika wodi ya saratani, katika vipindi vya lishe na katika ziara za maafisa afya shuleni, maswali manne yanatosha. Je, maziwa na maji vilichemshwa? Je, kuna yai ambalo halikupikwa? Je, rojo lilipozwa upesi na kukaa katika jokofu mpaka lilipogandishwa? Je, mlaji ana ugonjwa au dawa inayobadilisha jibu? Mhudumu asiyejua jibu la swali la nne amwite mtaalamu wa lishe au mfamasia. Na hospitali zinazowapa wagonjwa vyakula vya baridi zijiulize maswali hayo hayo kabla ya kuwauliza ndugu wa mgonjwa, kwa kuwa wagonjwa wa Kansas hawakuletewa maradhi na ndugu zao.

Mama aliyesimama kando ya kitanda cha mwanawe hakuomba anasa. Aliomba njia ya kumfanya mtoto ameze. Muuguzi anaweza kumjibu kwa muda ule ule uliotumika kumkatalia: chemsha maziwa na unga wa kastadi mpaka yatokote, yapoze ndani ya barafu, yagandishe katika chombo safi, umpe kijiko kimoja kimoja. Mtoto akimeza kijiko cha kwanza, maji yatafuata, na uji baada yake.